Casino Royale, mkeka wangu na hela za watu



Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu, na wale wawili watatu mlionisimamisha pale vimbwetani mkaniuliza kama nimeacha kuandika, jibu ni hapana. Nilikuwa na aibu tu. Hiyo aibu tutaifikia, msiwe na haraka. Leo nataka kuongelea muvi, halafu mtaona wenyewe jinsi muvi na aibu vilivyokutana chumba kimoja.

Muvi yenyewe ni Casino Royale ya James Bond, ile ya mwaka 2006. Najua wapo watakaosema "aah, ya zamani hiyo". Ni kweli ya zamani. Nami nitasimulia mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaiona na unataka kuiona, ishia hapa, kaitafute, urudi.

Ilikuwa Jumapili jioni, mvua inanyesha, hakuna mwenye pa kwenda. Tulikuwa wanne chumbani. Jirani yetu wa chumba cha pili alileta laptop yake, tukaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukakaa vitandani kama abiria wa daladala. Jamaa ana James Bond zote kwenye flashi moja. Akauliza tuangalie ipi. Mwenzangu wa chumba akasema hii, kwa sababu aliwahi kuiona nusu, umeme ukakatika. Huyu mwenzangu ni mtoto wa Uganda, kwao Mbale mjini, chini ya Mlima Elgon, ndiyo maana hapa hosteli nzima inamwita Mbale. Shikeni hilo jina, litarudi.

Kwanza niwaeleze nilikotoka kimuvi. Mimi sikukulia kwenye kumbi zenye viti vya kukunja. Nimekulia kibanda umiza: mabenchi, turubai dirishani kuzuia mwanga, televisheni moja juu ya meza ndefu, na DJ anayetafsiri huku akiongeza chumvi zake mwenyewe. Pale kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa darasa la pili aliijua: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi kumi, zote zitampata begani. Maadui mia watalala, yeye atachanika shati, tena upande mmoja tu ili kifua kionekane.

James Bond ndiye baba wa mastelingi wote. Kuanzia Dr. No ya mwaka 1962 mpaka Die Another Day ya mwaka 2002, mfululizo wake rasmi ulifikisha picha ishirini, na katika nyingi ya hizo jamaa anamaliza vita tai ikiwa bado imenyooka. Ukitoa ile ya mwaka 1969 ambapo mkewe anauawa siku hiyo hiyo ya harusi, huyu bwana alikuwa haumii. Ikafika hiyo ya 2002, na Pierce Brosnan, mambo yakavuka mpaka: gari lisiloonekana kwa macho, adui ana jumba la barafu, stelingi anateleza juu ya wimbi ambalo hata mtoto anaona limechorwa na kompyuta. Hata DJ wetu, mtu wa chumvi, pale alikosa cha kuongeza.

Basi watengenezaji wakaamua kuanza upya. Wakarudi kwenye kitabu cha kwanza kabisa cha Ian Fleming, Casino Royale, kilichotoka mwaka 1953. Hadithi hiyo ilikuwa imeshachezwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1954, na mwaka 1967 ikafanywa kichekesho, lakini mfululizo rasmi ulikuwa haujawahi kuigusa. Uongozaji wakampa Martin Campbell, ambaye pia ndiye aliyemtambulisha Brosnan kwenye GoldenEye ya 1995. Na stelingi wakamchukua Daniel Craig. Alipotangazwa mwaka 2005 kelele zilikuwa kubwa. Eti nywele zake za rangi ya majani makavu, eti hana sura ya Bond. Watu wakatangaza kuisusia picha ambayo hata hawajaiona.

Wakaisusia, ikatoka, wakanyamaza.

Nawaambieni kwa nini walinyamaza. Picha inaanza Prague, nyeusi na nyeupe, na Bond anaua mtu chooni. Haui kwa mtindo. Wanagongana na sinki, wanavunjavunja milango, wanahema. Ni kazi chafu na unaiona kuwa kazi chafu. Baadaye kidogo inakuja ile mbio ya Madagaska, ambapo anamfukuza mtengeneza mabomu. Anayefukuzwa ni Sébastien Foucan, Mfaransa ambaye ni mmoja wa waanzilishi wa ule mchezo wa kukimbia na kuruka majengo. Huyu bwana anapaa. Anapita kwenye kitundu juu ya ukuta kama paka anayeingia jikoni. Bond anayefuata nyuma hana huo ufundi, basi anapita ukutani, yaani anautoboa kwa mwili wake. Chumba kizima tulicheka. Lakini ni hapo hapo picha inakuonyesha mtu: huyu siyo fundi, huyu ni king'ang'anizi, na huo ung'ang'anizi utamgharimu.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kabla ya Madagaska kuna kipande ambacho ndicho kilichonifanya niandike leo.

Baada ya nyimbo na majina ya mwanzo, maandishi yanatokea kwenye skrini: Mbale, Uganda.

Jirani akasimamisha picha. Tukashangilia kama goli limeingia. Mwenzangu akainuka kitandani kabisa, akasogea karibu na ile ndoo. Tukaachia picha iendelee. Msitu, mvua, matope, mahema, watu wenye bunduki. Mwenzangu akaangalia, akaangalia, akasema taratibu: "Hapa siyo kwetu."

Na kweli siyo kwao. Kile kipande kilipigwa Uingereza, kwenye msitu wa Black Park, Buckinghamshire, jirani kabisa na studio za Pinewood. Hata Madagaska yao siyo Madagaska, ni visiwa vya Bahamas. Kuna kipande watu wamezunguka shimo wanabeti pambano la nyoka na nguchiro, na nyoka mwenyewe ni swila. Madagaska haina swila wa asili. Kiongozi wa wapiganaji, anaitwa Obanno, anachezwa na Isaach de Bankolé, mzaliwa wa Ivory Coast, na anacheza vizuri sana, lakini amepewa kazi ya kutisha tu.

Mwenzangu akatueleza Mbale anayoijua yeye. Mji wa biashara, barabara inayoelekea mpaka wa Kenya, mwamba wa Wanale umesimama juu ya mji kama ukuta, kahawa ya Bugisu, na malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyapika na karanga. Vita ya waasi iliyowatesa watu miaka na miaka ilikuwa hasa kaskazini, kwa Waacholi na majirani zao, siyo mjini kwao. "Walihitaji jina tu," akasema. "Wangeweza kuandika mji wowote." Halafu akaongeza kitu kilichonikaa: mwaka huo huo wa 2006 ilitoka picha nyingine ya Kiingereza, The Last King of Scotland, inayomhusu Idi Amin, na hiyo ilipigwa Uganda kwenyewe, na Forest Whitaker akachukua Oscar. Kwa hiyo kufika Uganda na kamera ilikuwa inawezekana.

Hapo mngetegemea nianze hotuba ya jinsi wazungu wanavyotuchora. Hotuba hiyo mmeshaisikia, na ni ya kweli, lakini mimi wakati huo nilikuwa nimeganda kwa sababu nyingine.

Sikilizeni kinachotokea hapo msituni. Obanno ana hela nyingi taslimu. Analetewa mtu anayeitwa Le Chiffre, anayechezwa na Mads Mikkelsen, jicho moja lina kovu na hutoa chozi la damu. Kazi ya Le Chiffre ni kuwatunzia fedha watu wabaya wa dunia nzima. Kwa lugha ya darasani, ni mhazini. Obanno anampa hela na sharti moja: hela zangu usiziweke kwenye hatari. Le Chiffre anakubali. Mara tu wanapomaliza, anapiga simu na kuzitupa kwenye soko la hisa, anacheza kwamba hisa za kampuni moja ya ndege zitaporomoka. Hawezi kukosa, anajua hivyo, kwa sababu ameshapanga ndege yao mpya ilipuliwe Miami. Ni kama mtu anayebeti kuwa timu itafungwa huku golikipa ameshamnunua.

Mwenzangu akacheka, akapiga goti, akasema: "Huyu mhazini wao ni mwizi!"

Wenzetu wakacheka. Mimi nikajifanya natafuta chaja.

Haya, aibu imefika.

Mnakumbuka kikundi chetu cha watu tisa tulikuwa tunapanga safari ya Bagamoyo kwa ajili ya ile kazi ya kikundi. Kila mtu alitoa elfu ishirini na tano: nauli, chakula, viingilio, kuchapa ripoti. Jumla laki mbili na elfu ishirini na tano. Mhazini nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu, nanukuu, "huyu ametulia".

Siku kumi kabla ya muvi niliweka elfu sitini ya kikundi kwenye mkeka. Mechi tano za Ulaya. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa: ningerudisha zile sitini na kubaki na hela ya kulipia deni langu la steshenari, hakuna ambaye angejua, hakuna ambaye angeumia. Nne zikaingia. Ya tano wakasawazisha dakika ya themanini na nane. Wale mnaobeti mnajua ile hali, unahisi hukukosa bali uliibiwa, kwa hiyo unaona una haki ya kudai chako. Siku tatu baadaye nikaweka laki moja, ili kurudisha ile sitini. Hiyo haikufika hata mapumziko.

Kwa hiyo Jumapili ile, huku tunaangalia muvi, kwenye simu yangu kulikuwa na elfu sitini na tano za watu tisa, safari ilikuwa Jumamosi inayofuata, na mmoja wa hao tisa alikuwa ananicheka pembeni yangu bila kujua ananicheka.

Turudi kwenye picha. Bond anazuia ndege isilipuliwe. Hisa haziporomoki. Le Chiffre anapoteza zaidi ya dola milioni mia moja za watu wasiosamehe. Anafanya nini? Anatangaza mchezo mkubwa wa karata Montenegro, kila anayekaa mezani anaingia na dola milioni kumi. Anataka kurudisha kwa kucheza alichopoteza kwa kucheza. Nilikaa nikamwangalia yule adui na lile jicho lake, na mara ya kwanza tangu kibanda umiza sikuwa upande wa stelingi. Nilikuwa namwombea yule adui ashinde. Nilitaka nione kama kuna mtu anayewahi kutoka.

Nilipotafuta habari zake baadaye nikakuta kwenye kitabu cha 1953 ni wazi zaidi. Kule Le Chiffre ni mhazini wa chama cha wafanyakazi cha Wakomunisti huko Alsace, Ufaransa. Alichukua fedha alizoaminiwa akanunua madanguro, akitegemea faida ya haraka. Miezi michache tu baada ya hapo sheria ya Ufaransa ikayafunga madanguro yote. Ndipo anakimbilia kasino. Fleming hakumpa mpango wa kuitawala dunia. Alimpa tu pengo kwenye daftari la hesabu. Ndiyo maana adui huyu ni bora kuliko wale wenye majumba ya barafu. Anaogopa. Usiku mmoja Obanno anamfuata mpaka hotelini kudai chake, anataka kumkata mkono mwanamke wa Le Chiffre, na Le Chiffre hatoi hata neno la kumtetea. Mwanamke anamwangalia. Hicho kipande ni kifupi, lakini mimi nakipa maksi kuliko milipuko yote. Mtu akishaanza kucheza na hela za watu, wa karibu naye wanakuwa chipsi za mezani, zile wanazobetia.

Upande wa karata wamefanya kazi nzuri. Kitabuni mchezo ni bakara, kwenye picha wakabadilisha kuwa poka ile ya Texas, kwa sababu miaka hiyo ndiyo ilikuwa imeshika dunia. Kila mchezaji ana karata mbili mkononi, tano zinafunguliwa mezani, unaunganisha. Sisi tuliozoea karata za barazani tulipotea kidogo, lakini wamemweka Mathis, rafiki wa Bond, anayemweleza Vesper pembeni kinachoendelea, na sisi tukadandia hapo hapo. Bond anajiona ameshamsoma Le Chiffre, kwamba akidanganya huwa anagusa jicho. Anaweka zote. Anafungwa. Ile tabia ilikuwa mtego. Stelingi amekula hasara ya milioni kumi, hela za serikali ya Uingereza, kwa sababu ya kiburi tu. Na anachofanya baada ya hapo ni nini? Anaomba nyingine milioni tano azirudishe!

Vesper anamkatalia. Vesper Lynd, anayechezwa na Eva Green, ametumwa na Hazina ya Uingereza kuzilinda hizo fedha. Toka kule kwenye treni walipokutana alishamwonya kwamba akishindwa, serikali itakuwa imewafadhili magaidi moja kwa moja. Sasa anamwambia hapana, na anamwambia sababu: huoni sawa, kiburi kimekujaa. Mimi nasema huyo ndiye mhazini wa kweli katika picha hii. Laiti ningekuwa naye siku ya ile laki moja.

Bahati ya Bond ni kwamba kuna Mmarekani wa CIA mezani, Felix Leiter, anayemkopesha. Hapo ndipo picha inapoteleza. Bond anarudi, anawekewa sumu, moyo unasimama, Vesper anamwokoa ndani ya gari kwa ile mashine ya kushtua moyo, anarudi tena mezani, na karata ya mwisho anashinda na shupaza tano zilizofuatana, nne mpaka nane, dhidi ya adui mwenye ree tatu na sita mbili. Tulipiga kelele mpaka chumba cha chini wakagonga dari kwa ufagio. Lakini baadaye nikawaza: kwa hiyo funzo ni kwamba ukipoteza za watu, kopa zaidi, urudi mezani? Ni funzo la uongo. Stelingi anashinda kwa sababu mwandishi ameshika karata. Mimi mwandishi wangu alisawazishiwa dakika ya themanini na nane.

Kwa haki ya picha, haimwachii afurahi. Anatekwa, anavuliwa nguo, anakalishwa kwenye kiti kisicho na sehemu ya kukalia, na Le Chiffre anamtesa kwa fundo la kamba. Tulioangalia tulikuwa wanaume watupu, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyekaa vizuri. Le Chiffre mwenyewe hachukui muda, anapigwa risasi ya kichwa na watu wake, kwa sababu kwao hela siyo tatizo kubwa kuliko kutojua nani wa kumwamini. Halafu Venice. Vesper, yule yule mlinzi wa hela, anazihamisha zote. Alikuwa ameshikwa pabaya, kuna mwanaume anampenda ambaye aliambiwa ametekwa. Anajifungia ndani ya lifti, nyumba inazama, Bond yuko nje ya vyuma anavuta na havitoki. Yeye stelingi yuko hai. Lakini sura ile mwishoni siyo ya aliyeshinda.

Sasa tuisahihishe kama UE. Nimegawa coursework arobaini, mtihani sitini.

Coursework, thelathini na tatu. Craig, Green, Mikkelsen, Judi Dench kama bosi mwenye hasira za mama, mbio za Madagaska, ngazi za hotelini, ile lifti. Nimekata kwa sababu ya urefu, dakika 144, na pale Venice unahisi kama muvi ya pili imeanza wakati unatafuta viatu. Nimekata pia kwa matangazo: simu zote za kampuni moja, na ndani ya treni, katikati ya maongezi matamu, wanasimama kutaja saa ya mkononi kwa jina. Hata magazeti ya udaku yana aibu zaidi.

Mtihani, arobaini na nane. Swali la mtihani lilikuwa moja: hela hizi ni za nani? Picha inakaribia kulijibu kuliko Bond yoyote niliyoiona. Kila mtu ameshika za mwingine: Le Chiffre za Obanno, Bond za walipa kodi, Vesper za Hazina. Na kila anayezigusa kwa siri anafia humo au anabaki nusu. Lakini inasimama mlango mmoja kabla. Za Obanno zilitoka kwa nani? Zile za msituni zilitoka kwenye ng'ombe wa nani, duka la nani, kijiji gani? Hao hawapo kwenye picha. Obanno anauawa kwenye ngazi, anafichwa, na baada ya hapo hakuna anayeulizia upande wa kwao tena. Ndiyo maana hawakuhitaji Mbale ya kweli. Ukiwaonyesha wenye hela, mchezo wa karata hautakuwa mtamu.

Jumla themanini na moja. Ni A. Lakini ile kumi na mbili niliyokata kwenye mtihani siirudishi hata mkikata rufaa.

Muvi ilipoisha wale wawili wakaondoka. Mimi na mwenzangu tukabaki, mvua imekata, anakunja shuka. Nikamwambia. Nilisema yote, sitini, laki, dakika, kila kitu, nilisema haraka kama anayetapika. Alinyamaza muda mrefu. Nilitaka atukane, angalau nijue tumefika wapi. Akasema: "Hizo zilikuwa za watu tisa. Mimi ni mmoja tu. Wengine saba je?"

Tisa ukitoa yeye na mimi, saba. Hata kwenye hasira alikuwa anahesabu vizuri kuliko mhazini wao.

Jumatatu saa nne nikawaita vimbwetani. Niliwaangalia mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ile picha haiwezi kuwaonyesha wenye hela. Kwenye simu ilikuwa namba tu, laki moja na sitini. Pale kwenye kimbweta ilikuwa ni dada yetu mkubwa wa kikundi, ambaye najua kabisa ile elfu ishirini na tano mama yake aliituma kutoka kwenye vitumbua. Ilikuwa ni jamaa wa Ukerewe ambaye hula mara moja kwa siku wiki ya mwisho kabla ya bumu. Hawakupiga kelele. Mmoja aliondoka bila kusema kitu, na mpaka leo ananisalimia kwa kichwa tu. Dada mkubwa akatoa daftari, akaandika kiasi, akaandika tarehe, akanigeuzia nisaini.

Niliuza simu yangu, ikatoa laki moja na kumi. Bado elfu hamsini, nitamalizia bumu likitoka, imeandikwa kwenye daftari. Safari ilisogezwa wiki mbili, tukaenda, tukarudi. Mhazini sasa ni dada mkubwa. Kwenye basi la kurudi nilikaa kiti cha peke yangu na sikumlaumu mtu.

Kitu cha mwisho. Daniel Craig alicheza Bond mara tano, na kwenye ya mwisho, No Time to Die ya mwaka 2021, stelingi anakufa. Kabisa. Jirani alituwekea wiki iliyopita. Mwenzangu akanigeukia: "Kumbe anakufa!" Nikamwambia kwa DJ wetu wa kibanda umiza hiyo isingetokea, angetafsiri vingine. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili kucheka na mimi, siyo kunicheka.

Basi wadau, ni hayo. Mwenye la kuniambia anitafute hosteli au anipigie. Msitume WhatsApp, natumia kitochi.